Pikapu Ikishuka, Pembe Zote Zinahama

Kushusha pua ya Hilux ya zamani ni kazi ya spana moja. Nazungumzia zile zinazosukumwa na tairi za nyuma peke yake, LN85 na ndugu zake, kizazi kilichoanza kutengenezwa 1988. Mbele hazina springi ya koili. Zina tosheni baa, fimbo ndefu ya chuma iliyoshikana na wishiboni ya chini, mkono unaolishika tairi, ikarudi nyuma chini ya chesisi hadi kwenye mkono mfupi wenye bolti ndefu. Tairi likipanda kwenye tuta fimbo inasokotwa, likishuka fimbo inajirudi. Ukilegeza ile bolti pua inashuka, ukiikaza inapanda. Kijana yeyote wa gereji unaweza kumfundisha asubuhi, na kabla ya adhuhuri awe ameishusha pikapu ya mtu sentimita 7.

Wepesi huo ndio unaoziua. Nafanya kazi ya miguu ya mbele hapa Dar es Salaam, upande wa Ilala, na pikapu nyingi zilizoshushwa zinanifikia zikiwa tayari zimeumia. Tairi mpya zimeliwa ndani hadi waya zinachungulia, nje bado ziko kama zilivyotoka dukani. Dereva anasema Morogoro Road akifika kasi ya themanini gari linaanza kutafuta njia lenyewe, mara kushoto, mara kulia, na mikono yake haitulii. Ameshapelekwa mahali akapigiwa alaimenti, pembe za tairi zikapangwa, akalipa, akaambiwa tayari, na wiki mbili baadaye hali ni ile ile. Wakati mwingine aliyempigia alaimenti hakukosea chochote. Gari lilishushwa mahali ambapo hakuna pembe nzuri inayowezekana, na mashine haiwezi kukupa kisichokuwepo.

Ninachowaambia wote, wenye magari na mafundi wenzangu, ni hiki: usichague kimo kwanza halafu ukaanza kutafuta pembe. Ingia chini ya gari, soma miguu ilivyokaa, nayo itakuonyesha mwisho wa kushuka ni wapi. Kimo kinatoka kwenye pembe.

Nianze na yanayotokea chuma kinaposhuka, kwa sababu bila kuyaona hayo kichwani utabaki kukaza na kulegeza bolti tu.

Wishiboni ya juu ni fupi, ya chini ni ndefu. Waliolibuni gari walikusudia hivyo, ili likiinamia upande kwenye kona, tairi la nje likae vizuri juu ya lami. Kila wishiboni inazunguka kwenye shafti yake na ncha yake yenye bolijointi inachora upinde. Ya fupi upinde mkali, ya ndefu upinde mpana. Chesisi ikishuka, bolijointi ya juu inavutwa ndani haraka kuliko ya chini, na kichwa cha tairi kinaegemea ndani. Hiyo ndiyo kemba hasi. Kutoka kiwandani hizi pikapu hukaa karibu na sifuri. Kwenye zile ninazozipima, kushuka sentimita 5 kunaleta kemba hasi ya digrii 1 au kuzidi kidogo. Digrii 1 peke yake si msiba, gari linaweza kuishi nayo. Msiba ni yale yanayofuatana nayo.

La kwanza ni kasta, na hili ndilo wengi hawalipimi kabisa. Tazama baiskeli kwa ubavu: uma wake wa mbele umelala kidogo kurudi nyuma kwa juu, na ndiyo maana mtu anaweza kuachia mikono na baiskeli ikaenda mbele bila kuyumba. Kwenye Hilux, mstari unaopita kwenye bolijointi mbili unafanya kazi hiyo hiyo. Ya juu ikikaa nyuma kidogo ya ile ya chini una kasta chanya, na usukani unarudi wenyewe ukitoka kwenye kona. Pikapu hizi, hasa zenye stelingi isiyo na pawa, hazikupewa kasta kubwa toka mwanzo, kwa sababu kasta kubwa hufanya usukani kuwa mzito.

Sasa piga hesabu. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwenye Hilux ndefu ya kizazi kile ni kama mita 2.85. Ukiishusha mbele sentimita 5 ukaiacha nyuma ilivyokuwa, chesisi nzima imeinama mbele kwa digrii 1, na ile digrii 1 umeitoa moja kwa moja kwenye kasta. Gari lililokuwa na akiba ndogo limebaki halina kitu. Hapo ndipo usukani unapokuwa mwepesi mjini na mwenye gari anafurahi, anasema fundi kanilainishia stelingi. Akishapita Kibaha, barabara imefunguka, mwendo umekolea, lori limempita na upepo wake, ndipo anagundua kwamba gari halimsikii. Mtindo wa pua chini na mkia juu unapendwa sana na vijana, nami nauelewa uzuri wake kwa macho. Lakini kila sentimita ya mwinamo huo inalipwa kwenye kasta, na ni lazima irudishwe mahali.

La pili ni tou, yaani kama tairi mbili za mbele zinatazamana kwa ndani au zinaachana. Watu wanailaumu kemba kwa kula tairi. Kwa niliyoyaona mimi, kemba ya digrii 1 inakula polepole. Tou iliyoharibika ndiyo inayolikwaruza tairi kila mita linayokwenda, na zikiungana zote mbili tairi halifiki miezi mitatu. Ukishusha gari bila kugusa tairodi, ile fimbo ya stelingi inayoligeuza tairi, tou inahama tu, kwa sababu tairodi nayo inachora upinde wake na tairi limeegemea. Inahamia ndani au nje kulingana na urefu wa tairodi na mahali ilipofungwa, kwa hiyo mimi sibahatishi, napima.

La tatu linahitaji jicho. Gari likiwa kwenye kimo chake cha kiwandani, tairodi na wishiboni ya chini hukaa karibu sambamba. Zikipanda na kushuka pamoja, tairi linabaki linatazama mbele. Ukishusha sana, tairodi inapanda kuelekea nje kwa pembe ambayo haikukusudiwa, na tangu hapo kila tuta linageuza tairi kidogo bila dereva kugusa usukani. Barabara zetu zina matuta kila penye shule, kila penye soko. Dereva anahisi gari limeruka upande, anadhani ni shokapu. Ananunua shokapu. Haliponi.

Hayo matatu ukiyaweka pamoja yanakufikisha kwenye kanuni ninayoifuata kwa gari lolote la wishiboni mbili. Nashusha hadi wishiboni ya chini ilale sawa na ardhi, nikipima kutoka kwenye shafti yake ya ndani hadi kwenye bolijointi, na hapo nasimama. Gari likitoka kiwandani, wishiboni ile inateremka kidogo kuelekea nje. Ikilala sawa umeshapata kimo cha chini chenye heshima. Ikianza kupanda kuelekea nje, gari linaanza kuinama sana kwenye kona ingawa liko chini, bolijointi inakaribia mwisho wa mzunguko wake, na mpira wa kuzuia wishiboni umebakiza nafasi ya kidole.

Alikuja kijana mmoja na LN85 nyeupe, bodi safi, imenyooshwa vizuri.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, karibu. Tukusaidie nini?"

"Nataka ilale kabisa. Tairi liingie ndani ya fenda."

"Inabeba nini?"

"Kreti za soda. Ubungo hadi Mbagala, kila siku."

Sikubishana naye. Nilimpa kipande cha boksi, tukalala chini ya gari wote wawili, nikaegemeza pima maji ya waashi kwenye wishiboni ya chini, kuanzia usawa wa shafti hadi usawa wa bolijointi. Kipovu kilikuwa kimekaa upande wa ndani, kuonyesha kwamba bado kuna mteremko. Nikalegeza bolti ya tosheni baa gari likiwa kwenye stendi, tukalishusha na kusukuma bampa juu chini ili litulie, kisha tukalala tena. Kipovu kinasogea. Tulifanya hivyo kulia, tukafanya kushoto, mpaka kipovu kikakaa katikati pande zote mbili. Gari lilikuwa limeshuka sentimita 4 na kitu. Nikamwonyesha mpira wa kuzuia na nafasi iliyobaki juu yake, nikamwambia: hapa ndipo wishiboni yako inaposafiria ukipita tuta na kreti nyuma. Ukiitaka fenda, unaila nafasi hii. Aliangalia kwa muda, akasema basi, iache hapo hapo. Mtu akiliona jambo kwa macho yake huhitaji kumhubiria.

Si wote wanaokubali. Wako wanaoondoka na kwenda kwa mwingine anayekata ule mpira wote kwa msumeno ili kupata nafasi. Mpira ule ukitoka, chuma kinagonga chuma, na mahali kinapogonga ni kwenye kipande cha chesisi kilichobeba mguu mzima. Nimeona nyufa pale. Mimi nikilazimika naupunguza mpira kwa theluthi, sizidi hapo, na nahakikisha shokapu nayo haifiki mwisho kabla ya mpira. Shokapu iliyofanywa kuwa breki ya wishiboni inapasuka sili yake ndani ya muda mfupi.

Kabla ya yote hayo kuna kazi ambayo haionekani kwenye picha wala mwenye gari haisifii. Gari ni la miaka thelathini. Nanyanyua pua, nashika tairi juu na chini nikilitikisa, kisha kulia na kushoto. Likicheza juu na chini ni bolijointi au bearingi; likicheza kulia na kushoto ni tairodi, au ule mkono wa pili wa stelingi unaoshika fimbo ya kati upande usio na boksi la stelingi. Natia nondo kwenye bushi za wishiboni kuona kama zimekufa. Pikapu yenye bushi zilizokufa haipimiki. Unaweka kemba ikiwa imesimama, ikitembea inabadilika. Mwenye gari akinijibu kwamba bushi zitasubiri mwezi ujao, namwambia na kushusha nako kusubiri mwezi ujao. Katika hilo sina mjadala.

Halafu kutu. Magari yaliyokaa Pwani, Tanga, Zanzibar, chumvi imeingia kila penye uzi wa bolti. Bolti ya tosheni baa isiyofunguliwa miaka mingi napiga mafuta ya kulegeza jana yake, nasugua uzi wake kwa brashi ya waya, na napima kwa rula urefu wa bolti unaoonekana kabla sijaigusa, kulia na kushoto, naandika kwa chaki kwenye chesisi. Naifungua tairi zikiwa zinaning'inia, chesisi imekaa juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki peke yake. Mkono ule umebeba nguvu ya fimbo iliyosokotwa. Bolti ikikatika au uzi ukiruka wakati uso wako uko karibu, hospitali ni jirani. Na kama bolti imefika mwisho bado gari halijashuka linapotakiwa, fimbo inatolewa kwenye meno yake na kurudishwa jino moja mbele au nyuma. Hapo alama za rangi ni lazima, kwenye fimbo na kwenye mkono, kabla ya kuvuta. Fimbo ya kulia na ya kushoto zina alama zake na hazibadilishwi pande, kwa sababu kila moja kiwandani imeshazoezwa kusokotwa upande mmoja.

Niseme pia, kwa kuwa naulizwa kila mara: kulegeza bolti hakuifanyi fimbo kuwa laini. Ugumu wa fimbo unatokana na unene wake na urefu wake. Kinachofanya gari lililoshushwa ligonge ni safari fupi iliyobaki kabla ya mpira.

Sasa kupima. Mashine za kisasa zipo mjini na ni nzuri, nazitumia. Lakini mashine haijui kwamba gari limeshushwa. Inalinganisha na kitabu na kukuonyesha nyekundu. Fundi anayeisoma lazima ajue anachokitaka. Na sehemu kubwa ya kazi unaweza kuifanya kwenye sakafu iliyonyooka ukiwa na timazi, uzi, rula na vigae vinne.

Vigae viwili viwili, grisi katikati, kila tairi la mbele linakaa juu ya jozi yake. Gari likishushwa kutoka kwenye jeki tairi hujibana kwa ndani, na ukipima hapo unapima uongo. Vigae vyenye grisi vinaliacha tairi liteleze likae linapotaka. Asiye na vigae alisukume gari mbele na nyuma mita kadhaa kabla ya kupima. Upepo uwe sawa tairi zote. Kwenye kiti cha dereva naweka mfuko mmoja na nusu wa saruji, kilo 75, kwa sababu gari halitembei peke yake.

Kemba naipima kwa timazi iliyoning'inizwa mbele ya rimu. Napima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu juu, kisha chini. Kwenye rimu ya inchi 14, nukta zangu mbili huwa zimeachana sentimita 38, na kwa umbali huo digrii 1 ni tofauti ya milimita 6.6. Juu ikiwa mbali na uzi kuliko chini, tairi limeegemea ndani. Hesabu ni nyepesi na haihitaji umeme.

Kasta haipimwi moja kwa moja. Nageuza tairi digrii 20 kuelekea nje, napima kemba. Nageuza digrii 20 kuelekea ndani, napima tena. Tofauti ya kemba hizo mbili nikiizidisha kwa 1.5 napata kasta, kwa ukaribu unaotosha. Digrii 20 nimezichora sakafuni kwa rangi tangu zamani.

Marekebisho yanafanyika kwenye shafti ya wishiboni ya juu. Imefungwa kwa bolti mbili, ya mbele na ya nyuma, na katikati ya shafti na kishikio cha chesisi kuna shimu, vibati vya unene tofauti. Hapa wengi wanachanganyikiwa kwa sababu wamesikia kwa mtu kwamba ongeza shimu hivi au punguza vile. Acha kukariri; tazama shafti imekaa upande gani wa kishikio. Ikiwa upande wa tairi, ukiongeza shimu unaisukuma nje na kemba inakwenda chanya. Ikiwa upande wa injini, shimu zinaivuta ndani na kemba inazidi kuwa hasi, kwa hiyo unazipunguza. Kwa kemba peke yake bolti zote mbili zinapata badiliko sawa. Kwa kasta zinapata tofauti: shafti iliyo upande wa tairi, ukiiongezea shimu bolti ya mbele kuliko ya nyuma, wishiboni inazunguka na bolijointi ya juu inarudi nyuma, kasta inapanda. Ipo pia fimbo inayoshika wishiboni ya chini isiende mbele wala nyuma. Hiyo nayo inaweza kuleta kasta, ila mimi naigusa shimu zikishindwa tu.

Kwa gari lililoshushwa natafuta kasta kwanza. Kemba naiachia hasi ya nusu digrii, hata robo tatu, pande zote zikilingana, na sihangaiki kuirudisha sifuri. Nikilazimika kuchagua kati ya kemba iliyo kamili na kasta inayotosha, nachagua kasta. Dereva anayerudi nyumbani usiku na familia anahitaji gari linalonyooka. Na kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto na barabara zimeteremka kushoto ili maji ya mvua yatoke, kasta ya kushoto naiweka juu kidogo kuliko ya kulia, hadi nusu digrii. Gari huvutwa upande wenye kasta ndogo, kwa hiyo hapo linaukataa mteremko wa barabara. Kitabu kilichoandikiwa nchi zinazoendesha kulia kinasema kinyume, na fundi anayekifuata bila kufikiri anampa mtu gari linaloelekea mtaroni.

Shimu zina mwisho. Zikiisha na kemba bado ni kubwa, jibu la kwanza ni kupandisha gari kidogo. Jibu la pili ni nako, vile vyuma vinavyobeba gurudumu kati ya bolijointi mbili, zilizotengenezwa maalumu, ambazo shafti ya gurudumu imehamishiwa juu, hivyo gari linashuka huku wishiboni zote zimebaki kwenye pembe zake za kiwandani. Kwa Marekani, ambako kushusha pikapu ndogo za Kijapani kulishamiri miaka ya 1980 na 1990, nako hizo ni bidhaa ya kawaida. Ndiyo njia safi kuliko zote, ingawa rimu ya inchi 14 mara nyingi inabana na inabidi kwenda 15. Ambalo silikubali, hata mteja aweke fedha mezani, ni kuchoma wishiboni kwa gesi ili ipinde, kupanua matundu ya shafti kwa grainda, au kuchomelea nako. Chuma cha nako kimepikwa kiwandani kwa ugumu wake. Ukikichoma kwa gesi kinapoteza, na hakikuambii kimepoteza mpaka siku kitakapokatika.

Rimu nazo zina neno lake. Mtu anashusha gari, hapo hapo anaweka rimu pana zilizotokeza nje, au anaongeza spesa. Tairi likitokeza nje, kila shimo linapata wenzo mrefu wa kuuvuta usukani, bearingi inabeba mzigo mahali ambapo haikupangiwa, na pembe zote ulizozipanga zinafanya kazi vibaya. Akitaka rimu pana namwomba azilete kabla sijapima, si baada.

Nyuma sitakaa sana. Ikishushwa kulingana na mbele, kasta inabaki ilipokuwa, na hilo peke yake ni sababu ya kuishusha kwa kiasi. Anayetoa majani ya springi ajue ametoa mzigo. Lakini kuna kitu kimoja kidogo kinachosahauliwa na gereji nyingi: juu ya ekseli ya nyuma, pikapu nyingi za aina hii zina valvu ya breki yenye fimbo, inayosoma uzito kwa kuangalia ekseli iko karibu kiasi gani na chesisi. Ukishusha nyuma, valvu inadhani gari limebeba. Inapeleka presha kubwa breki za nyuma, na siku ya mvua, gari likiwa tupu, mkia unatangulia. Fimbo ile inarekebishwa. Dakika chache tu. Taa za mbele nazo zielekezwe upya, zisimpofushe anayekuja wala zisiishie miguuni.

Tou naiweka mwisho, baada ya kimo, kasta na kemba kutulia, kwa sababu kila kimoja kati ya hivyo kinaihamisha. Nanyanyua tairi, nalizungusha huku nikilichora mstari mmoja mwembamba kwa msumari katikati, kulia na kushoto. Nashusha kwenye vigae. Napima umbali kati ya mistari miwili kwa mbele, kisha kwa nyuma, usawa wa ekseli. Kwa pikapu hizi nataka mbele iwe ndogo kwa milimita 1 hadi 2. Tairodi mbili nazizungusha kwa kiasi sawa ili usukani ubaki umenyooka, kisha nakaza, na napima tena, kwa sababu kukaza kunaweza kuzungusha.

Bushi za wishiboni za mpira nazikaza gari likiwa limesimama kwenye tairi zake, kwenye kimo chake kipya. Zikikazwa tairi zinaning'inia, mpira unabaki umesokotwa siku zote, unalishikilia gari juu, na unachanika mapema. Halafu mteja analalamika kwamba upande mmoja umepanda, na mtu anakimbilia bolti ya tosheni baa kurekebisha kosa ambalo halipo pale.

Mteja anapoondoka namwomba arudi baada ya wiki tatu nne za kazi yake ya kawaida, na mzigo wake wa kawaida. Tosheni baa iliyoguswa aghalabu inashuka milimita kadhaa ikishazoea. Akirudi sianzi na tairodi. Naanza na rula, kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa fenda, kulia na kushoto, nalinganisha na niliyoandika kwenye daftari siku ile. Tofauti ya pande mbili ikizidi milimita 5 narudi kwenye bolti, nasawazisha kimo, nasukuma bampa litulie, napima kasta na kemba, na tou naifuata mwishoni.